Jina Zaire Lilikuwa la Nani?

Wako wasemao mpaka leo kwamba Zaire lilikuwa jina letu la asili, na Kongo ni jina la wageni. Maneno hayo yafaa kupimwa.

Mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika penye mlango wa mto mkubwa. Wenyeji waliuita nzadi, maana yake mto tu. Wareno wakalitamka kwa ulimi wao: Zaire. Mwaka 1572 mshairi wao Camões alilitia katika utenzi wake Os Lusíadas. Kongo nalo ni jina la ufalme wa Mbanza Kongo, uliokuwako kabla ya Wareno kufika. Wao na Wahispania walibadili herufi tu, wakaandika Congo.

Basi, tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu alipotangaza Zaire ili turudie asili, aliondoa jina la Waafrika, akaweka lililopita kinywani mwa Mreno. Katanga yetu nayo ikaitwa Shaba, neno lililotoka Kiarabu!

Ni kweli, Wabelgiji ndio waliolitandaza jina Kongo hata huku kwetu. Wala neno la kigeni si aibu: meza nalo tulipewa na Wareno. Lakini meza tuliipokea wenyewe, bila amri. Zaire lilikuja kwa amri ya mtu mmoja, na mwaka 1997 likaondoka pamoja naye. Jina la nchi hudumu watu wakilipokea kwa hiari.