Nyuzi Zinazongoja Treni

Karibu na mwisho wa One Week, sinema bubu ya Buster Keaton ya mwaka 1920, nyumba ya maharusi imekwama juu ya reli. Treni inakuja. Mume na mke wanahangaika kuisogeza, haisogei, wanafumba macho. Treni inapita reli ya pembeni, nyumba haijaguswa. Hawajamaliza kushusha pumzi, treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha.

Bendi ya fidla, banjo, gitaa na besi inayopiga mubashara mbele ya skrini inapimwa hapo. Lakini kazi yake huanza mapema, kwa kumuuliza mwendesha mtambo: picha ngapi kwa sekunde? Kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, hivyo sinema bubu hazina mwendo mmoja. Filamu ya dakika 20 kwa picha 24 kwa sekunde hufika karibu dakika 27 ikichezwa kwa picha 18. Muziki uliopimwa kwa saa utaachana na picha.

Ndiyo maana wapigaji hukariri ishara badala ya dakika: namba za masanduku yenye vipande vya nyumba zinabadilishwa na hasidi, karatasi ya kalenda inachanwa, upepo unaanza. Kati ya ishara na ishara wanazungusha kifungu cha baa nne au nane, kama wapiga sebene wanavyozunguka mpaka kiongozi atoe amri. Mmoja wao haangalii chombo chake kamwe. Macho yake yako kwenye picha, na kichwa chake ndicho kinachowavusha wenzake.

Kila chombo kina zamu yake. Sauti ya banjo hufa upesi, basi inafaa nyundo na miguu inayokimbia. Upinde wa fidla huweza kushikilia noti moja muda wote wa dhoruba. Keaton aliijenga nyumba ile juu ya jukwaa linalozunguka, kwa hiyo katika dhoruba hiyo inazunguka kweli. Besi ikilegea hapo, tamasha linageuka kelele. Hata vyombo vichache vinatosha: mwaka 1995 mpiga gitaa Bill Frisell alitoa albamu mbili za muziki wa filamu za Keaton, One Week ikiwemo, akiwa na besi ya Kermit Driscoll na ngoma za Joey Baron tu.

Turudi relini. Bendi changa humaliza nguvu zote kwenye treni ya kwanza, au hudokeza ya pili kwa noti za wasiwasi. Makosa yote mawili yanaua kicheko. Njia sahihi ni besi kupanda taratibu na treni ya kwanza, fidla ikatike inapopita, kisha gitaa lirejeshe kwa upole wimbo wa harusi uliosikika mwanzoni. Treni ya pili iukate wimbo huo katikati ya baa, na nyuzi zote zizibwe kwa viganja. Kimya hicho ni cha hadhira, wacheke wao.

Mpigaji anajua kinachokuja. Wimbo wake usijue. Vumbi likitua, Keaton anaweka kibao cha kuuza magofu yale, anamshika mkewe mkono, wanaondoka. Hapo gitaa linaanza tena, kwenye baa ileile lilipokatizwa.