Mcheza Dansi Asiyeonyeshwa Miguu

Muhula uliopita tulitumia picha moja ya Kijerumani katika somo la insha za maelezo, na majibu ya wanafunzi yametulazimu kuihakiki picha yenyewe. Ni picha ya Anita Berber, mcheza dansi aliyevuma mjini Berlin baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilichorwa na Otto Dix mwaka 1925, nayo hukaa katika jumba la sanaa la Stuttgart.

Tuliwapa wanafunzi picha bila jina wala maelezo, tukauliza: huyu ni nani, na ana umri gani? Wengi walimkadiria miaka hamsini na kuendelea. Baadhi waliandika bila kusita kwamba ni kahaba. Hakuna aliyeandika kwamba ni mcheza dansi. Kumbe Berber alizaliwa mwaka 1899! Alipochorwa alikuwa na miaka kama 26, na miaka thelathini hakuifikia, maana kifua kikuu kilimuua Novemba 1928.

Tukianza na fani, kinachotawala ni wekundu. Gauni ni jekundu, limembana kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya mikono. Nyuma yake ni nyekundu. Nywele nyekundu, midomo myekundu. Uso umepakwa poda nyeupe na macho yamezungushiwa wanja mzito. Vidole vimejikunja mithili ya kucha za ndege. Wale wanaozoea kuweka fani huku na maudhui kule watapata taabu hapa, kwani ukiondoa wekundu huo hakuna hukumu inayobaki. Tunakiri pia kwamba Dix alikuwa mjanja: mwanamke aliyejulikana kwa kucheza uchi jukwaani, yeye alimvika nguo hadi shingoni.

Hata hivyo, tuna lalamiko. Dansi iko wapi? Berber amesimamishwa, mkono kiunoni, na picha imekatwa kabla ya kufika miguuni. Mtu huyu alikuwa akitunga dansi zake, na mwaka 1923 yeye na mwenzake Sebastian Droste walichapisha kitabu kuhusu dansi hizo. Hayo yote hayamo. Na kwa kuwa dansi hupita na picha hubaki, wengi leo wanamjua kwa uso huo tu. Posta ya Ujerumani iliuweka hata kwenye stempu mwaka 1991.

Mwenzetu mmoja idarani anamtetea Dix kwamba hakumrembesha mtu yeyote, hata wazazi wake. Ni kweli, wazazi hao aliwachora wakiwa wamechoka na wamekunjamana. Lakini mikono yao mikubwa inatueleza kazi waliyoifanya maishani. Mikono ya Berber inatueleza yale tu ambayo watu walikuwa wakiyasema juu yake. Hapo ndipo tunapoona upungufu, na ndipo neno "kahaba" lilipoingia katika daftari za wanafunzi wetu. Hatukuwapunguzia alama, kwani walisoma kilichoandikwa.

Muhula huu tutaitumia tena picha hii, ila tutaibandika kando ya fotografia ambazo Madame d'Ora alimpiga Berber mjini Vienna mwaka 1922, akiwa katika mikao ya dansi.