Bwawani: Nyumba ya Mgeni na Swali la Mwenyeji

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii husifiwa kwa ukarimu wake, lakini ndani yake mna sharti: ugeni usiomponya mwenyeji umepungukiwa. Kwa kipimo hicho twakusudia kuihakiki Hoteli ya Bwawani ya Unguja, kwani jengo, kama shairi, humsema aliyelitunga.

Bwawani ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyoasisiwa na Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume. Ilisimama Funguni, karibu na bandari ya Malindi, kando ya bwawa lililoipa jina. Wageni wengi waliiona zege tupu wakiilinganisha na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Hukumu hiyo ni ya juujuu. Hoteli kubwa iliyo mali ya umma, katika visiwa vilivyotoka chini ya usultani mwaka 1964, ilikuwa tamko: waliotawaliwa jana sasa wanamkaribisha mgeni kwa jina lao wenyewe. Tamko hilo lina fahari yake, na yafaa liheshimiwe.

Kasoro yake yatupasa kuitafuta kwingine. Huku Bara, mwaka 1970, vijana wa TANU walizusha mjadala magazetini: je, utalii wapatana na ujamaa? Hoja zao zilikusanywa katika kitabu alichokihariri Issa Shivji mwaka 1973. Walihofu kwamba mwananchi angegeuzwa mtumishi katika nchi yake. Bwawani haikuliondoa shaka hilo. Vyumba vyake vilimngoja mwenye fedha za kigeni. Ilipokuwa mwenyeji ana sauti, ni katika kumbi.

Kisha nyakati zikageuka. Bei ya karafuu ilianguka katika miaka ya 1980, na hazina iliyokonda haikarabati majumba. Sheria ya mwaka 1986 iliwafungulia mlango wawekezaji binafsi. Hoteli zikachipuka Nungwi, Kiwengwa na Paje, penye mchanga mweupe. Bwawani, yenye bwawa badala ya ufuko, ikachakaa. Lakini tuangalie kilichobaki hai: disko la Komba, na ukumbi wa Salama, ambamo Tume ya Uchaguzi iliweka kituo cha matokeo mwaka 2015. Pale wananchi walipopatia shughuli yao, jengo liliendelea kuwa na maana.

Nasi wa Magu tunacho cha kulinganisha. Bujora, karibu na Kisesa, si hoteli, ila nayo hupokea wageni. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliasisi hapo makumbusho ya Wasukuma. Kila Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Hushindana ili kushindana. Mtalii asipotokea, ngoma hulia vile vile. Mgeni akija, hukuta shughuli ambayo ina wenyewe.

Hilo ndilo fundisho tunalowaachia walimu na wanafunzi. Hoteli mpya za ufukweni nazo zipimwe kwa methali ile ile, hata zikimetameta. Tuulize: mgeni akiondoka, nyumba hii itabaki na kazi gani kwa jirani yake? Isiyo na jibu imekwisha kuanza kubomoka, japo rangi yake ingali mbichi.