Pongezi kwa Waashi wa Misingi ya Mji Mkongwe
Mpita njia katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, husifu milango ya nakshi, ilhali sifa iliyo kubwa zaidi inamstahili mwashi ambaye kazi yake hufukiwa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, hata chokaa ikamung'unyuka na ukuta ukaanza kutitia. Fundi huutegemeza kwanza kwa nguzo, kisha huchimba chini yake kipande kifupi, kama mita moja hivi, akakijaza mawe na chokaa na kukiacha kishike, ndipo ahamie kipande kingine kisichopakana nacho, kwa kuwa anayefukua urefu wote kwa mkupuo huiangusha nyumba. Saruji, ingawa huganda upesi na huwapendeza wenye haraka, hufungia unyevu ukutani. Chokaa, yaani matumbawe yaliyochomwa tanuuni kisha yakazimwa kwa maji, huuacha utoke.