Mkono Unaomlainisha Pweza

Pweza hana mfupa hata mmoja, lakini ndiye mtihani wa kweli wa mpishi wa pwani. Changu aliyevuliwa alfajiri hata asiyejua kupika atamla kwa raha. Pweza nyama yake imesukwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopishana kila upande, na moto mkali wa haraka humkaza akawa hatafuniki. Kila pwani inayomla imelazimika kubuni njia yake ya kumlainisha, na ufundi huo ndio ninaousifu hapa.

Kwetu kazi huanza maji yakipwa. Wakati wa bamvua wanawake hushuka mwambani na vijiti vyenye ncha, wakitafuta tundu lenye maganda ya kaa na chaza mlangoni, maana pweza ni mlaji asiyefagia. Akishatolewa, kichwa hugeuzwa ndani nje, wino na matumbo huondolewa, kisha hupigwa. Hupigwa kwa gongo juu ya jiwe, husuguliwa, hupigwa tena mpaka atoe povu. Fundi haangalii mkono wake umechoka kiasi gani; huushika mnyiri pale unapoanzia, penye unene, akauminya. Ukikaza, anaendelea. Asiye na subira akimtupa juu ya moto kabla ya wakati, ataona kwa macho yake pweza anavyojipalia makaa.

Sufuriani hahitaji maji. Hutoa yake mwenyewe, mengi, yenye rangi ya zambarau, na humo huiva polepole. Wengine hutia kipande cha papai bichi. Tui jepesi hutangulia; tui zito huja mwisho, kwa moto mdogo na mwiko usiotulia, la sivyo hukatika na kazi yote ya asubuhi ikaharibika.

Wagiriki nao hupiga. Humbamiza mwambani, kisha humwanika juani kwenye kamba kama nguo, na jua likishapunguza maji ndipo achomwe. Kule Akashi, Japani, ambako mkondo wa bahari una nguvu, pweza huvuliwa kwa vyungu anavyoingia mwenyewe akidhani amepata nyumba. Chumvi na viganja hufanya kazi ya gongo.

Wanaonishangaza zaidi ni Wagalisia wa kaskazini magharibi mwa Hispania. Mji wao mashuhuri kwa pweza, O Carballiño, hauna bahari; zamani pweza aliyekaushwa ndiye aliyeweza kufika bara bila kuoza. Wapishi wake, wengi wakiwa wanawake, hutumia masufuria makubwa ya shaba. Humshika pweza kichwani, wakamchovya mara tatu kwenye maji yanayochemka kabla ya kumwachia, ili ngozi isichunike. Akiiva hukatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mti, akanyunyiziwa chumvi ya mawe, paprika na mafuta ya zeituni. Viazi vya kulia huchemshwa kwenye maji yaleyale, na kwa hilo nawasamehe kukosa nazi.

Siku hizi pweza wengi wanaoliwa huko hutoka Moroko na Mauritania, na wa Tanzania pia husafirishwa Ulaya wakiwa wameganda. Barafu nayo hulainisha: maji ndani ya nyama yakiganda hupasua nyuzi, gongo likapata likizo. Sioni ubaya, ila mikahawa inayotegemea friza peke yake hutupa pweza laini asiye na ladha, kisha humficha ndani ya krimu.

Ningependa wapishi wa mikahawa hiyo wakasimame jioni kwa wauza pweza wa Dar es Salaam. Wateja huifuata supu kwa sifa zake za chumbani, ambazo muuzaji hachoki kuzitangaza. Mimi hutazama kisu. Mnyiri hulazwa ubaoni, ukakatwa vipande vyembamba kwa mshazari, vikombe vyake vikibaki bila kuchanika, na hata mzee asiye na magego huvitafuna. Pilipili na ndimu unajiwekea mwenyewe.