Mkasi Ndio Unaoleta Msimu

Mnunuzi wa samaki pale soko la Feri hadanganyiki kirahisi. Kabla hajatoa hela kwenye mnada ameshajua upepo ni wa kusi au wa kaskazi, na mwezi ni mchanga au mpevu. Mtu huyohuyo akiingia dukani jioni kununua chupa ya mvinyo wa Dodoma, anauliza bei tu. Simlaumu. Chupa yenyewe haimwambii kitu.

Na ina mengi ya kusema. Ulaya, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Majani hupukutika na mkulima huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ni nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Kazi hiyo inafanywa na mkasi. Familia ikipogoa leo, msimu umeanza leo, na miezi minne hivi baadaye vichala vimeiva. Ndiyo maana mavuno ni mawili: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba.

Mwangalie mama aliyezaliwa katika kazi hii. Anashika tawi lililozaa msimu uliopita, anahesabu macho ya kuchipua kuanzia chini, mawili au matatu, kisha anakata kwa mshazari, mteremko ukielekea upande usio na jicho ili maji yasilitiririkie. Akiacha macho mengi atapata vichala vingi visivyo na utamu. Akiwa na pupa ya kukata, atapata majani. Kwa kila shina anaamua upya, na shamba lina mashina mamia.

Zabibu za Februari zinaiva mvua ikinyesha. Punje hujaa maji, ubwiri unanyemelea majani, na wengi huchuma mapema kwa hofu ya kupoteza vyote. Hapo hesabu inauma: karibu gramu 17 za sukari katika lita ya mchuzi wa zabibu hutoa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 12 unataka gramu 200 na zaidi. Zikipungua, kuna wanaojazia kwa sukari ya dukani. Mimi siupendi mvinyo huo. Utamu wake unakaa juujuu.

Zabibu za Agosti zimekulia kiangazi. Jua kali mchana, usiku wa Juni na Julai una baridi ya kuvaa sweta, na ganda linakomaa na kukoza rangi. Ila kiangazi kinataka kisima. Familia isiyo na maji ya kumwagilia inabaki na zabibu za mvua, hata ikiwa na mikono hodari kuliko jirani.

Kiwandani, ambako kwa baadhi ya familia ni chumba nyuma ya nyumba, uangalizi ni uleule. Mchuzi wa zabibu nyekundu, kama aina ya Makutupora, huchachuka pamoja na maganda yake. Gesi huyapandisha juu yakawa tabaka zito, na lazima mtu ayazamishe kwa mti asubuhi, mchana na usiku, yasije yakakauka na kugeuza pipa zima siki. Watoto wa familia hizi wanajua kusikiliza pipa: likivuma, hamira inafanya kazi.

Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza mvinyo Dodoma, nawaomba jambo moja dogo. Mwaka peke yake kwenye lebo hautoshi kwa nchi inayovuna mara mbili. Andikeni na mwezi wa mavuno. Wa Machi tutaununua kwa bei yake, na wa Septemba mtuongezee bei, tutalipa.