Kipandio au Kivukio?

Mfasiri wa habari za mashamba ya Uingereza hukutana na neno "stile", yaani vipago viwili vitatu vya mbao au mawe vilivyowekwa penye ua ili mtu apite na mnyama azuiwe. Ni rahisi kuandika "kipandio". Naona tafsiri hiyo yafuata asili ya neno la Kiingereza kuliko kazi ya kitu chenyewe.

"Stile" latokana na "stigel" la Kiingereza cha kale, nalo ni ndugu wa kitenzi "stigan", maana yake kupanda. Kwetu, kipandio ni chochote cha kupandia: kipago cha ngazi, au kikuku cha farasi. Lakini apandaye ngazi ataka kufika juu. Apitaye uani ataka kufika ng'ambo.

Ushahidi wa neno lifaalo tunao Ifakara. Kati ya mji huo na Mahenge wapita mto Kilombero, ambao kwa miaka mingi watu waliuvuka kwa pantoni, hata lilipozinduliwa daraja la mita 384 mwaka 2018. Mahali pa kuvukia ni kivuko. Pantoni yenyewe nayo ni kivuko. Hivyo umbo la "ki-" na "-o" hutaja mahali na chombo pamoja, na stile ni vyote viwili.

Basi kwa nini tusiseme "kivuko"? Kwa sababu neno hilo limekwisha shikwa na maji, na mijini na barabara. Tukitumia kauli ya kutendea twapata "kivukio", kama vile "kikalio" kutoka kalia.

Yaweza kusemwa kwamba kitu hiki ni kigeni bondeni, kwa kuwa mpaka wa mashamba ya mpunga mara nyingi ni tuta tu, nalo hupitwa kwa hatua moja. Lakini ugomvi wa mkulima na mfugaji si mgeni: mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde hilo. Mwenye kuzungushia shamba lake ua ili kuzuia ng'ombe hana budi kujiachia njia. Haja yake si kupanda, ni kuvuka. Kwa hiyo napendekeza "kivukio cha ua", na "kipandio" kibaki kwa ngazi na farasi.